Taka Bila Mzoaji: Jiji, Jaa na Mkono Uliosahauliwa katika Fasihi ya Kenya

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya, taka aghalabu huwa si taka. Kila biwi linapojitokeza jukwaani au katika ukurasa wa hadithi, mhakiki huharakisha kulifasiri: ni ishara ya uozo wa uongozi, ni istiara ya ufisadi, ni taswira ya jamii iliyovunda. Fasiri hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba hufika mapema mno, kabla msomaji hajapata nafasi ya kuuliza maswali mepesi ambayo mkazi wa Dandora, Korogocho au Kariobangi angeyauliza mwanzo. Taka hizo ni za aina gani? Nani atazipitia, atazibeba kwa chombo gani, atamwuzia nani, na bei itapangwa na nani? Hoja inayoendelezwa hapa ni kwamba tamthilia za Kiswahili za karne hii zimeizoea taka kwa pua ya meya, hata pale zinapomshutumu meya mwenyewe, na kwamba mkono unaoichambua taka hiyo, ambao ni mmojawapo wa mikono inayoliendesha jiji, umeachwa nje ya jukwaa. La kushangaza ni kuwa riwaya za Meja Mwangi za miaka ya 1970, zilizoandikwa kwa Kiingereza, zilikwisha kuuona mkono huo.

Mfano wa kwanza ni Mstahiki Meya (2009) ya Timothy Arege. Katika mji wa Cheneo, Meya Sosi na madiwani wanaomzunguka wameyageuza mapato ya baraza kuwa yao, huku wafanyakazi wakidai malipo wasiyoyapata. Wafanyakazi wanagoma, taka zinarundikana, na wakati huohuo wageni wanatarajiwa. Arege anajenga kinaya kizuri kutokana na hali hii. Kazi ya mzoataka, ambayo hakuna mkubwa aliyepata kuitaja kwa heshima, inaonekana kwa mara ya kwanza pale inapokosekana, na meya anayejali sura ya mji mbele ya macho ya mgeni analazimika kuihisi thamani ya mtu asiyemlipa. Hapa mtunzi anaelewa jambo la msingi: kwamba usafi wa mji si tabia njema ya wakazi wake bali ni jasho la watu fulani.

Hata hivyo, biwi la Cheneo lina sifa moja ya ajabu. Linakaa likingoja. Hakuna anayeliendea. Kwa mujibu wa mantiki ya tamthilia, watu wa baraza wasipolizoa basi hakuna mwingine duniani mwenye haja nalo. Jijini Nairobi biwi halingoji. Tangu miaka ya 1980, huduma za baraza zilipoanza kudorora, uzoaji taka uligawanyika: mitaa ya wenye nacho ilihudumiwa na kampuni za kibinafsi, na mitaa ya Eastlands ikaachiwa vikundi vya vijana wenye mikokoteni na magunia wanaotoza kila nyumba ada ndogo. Kabla hata mkokoteni haujafika, biwi limekwisha kutembelewa. Kuna anayetafuta chuma na shaba, kuna wa plastiki na chupa, kuna wa karatasi, wa mifupa inayosagwa kuwa chakula cha mifugo, na wa masazo ya kulishia nguruwe. Kila mmoja ana jicho lake, njia yake na mnunuzi wake. Biwi ni soko kabla ya kuwa uvundo.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba tamthilia ni sanaa ya ufupisho na kuwa Arege hakukusudia kuandika ripoti ya idara ya mazingira. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau tamthilia yenyewe ingekuwa na ubahili wa maelezo kuhusu kazi nyingine. Lakini sivyo. Zahanati ya Cheneo inaingia jukwaani pamoja na daktari wake, mgonjwa wake na uhaba wake wa dawa. Mtazamaji anatoka akiwa ameelewa kazi ya Siki na vikwazo vyake. Mzoataka hakupewa onyesho la namna hiyo. Anabaki kundi nje ya lango.

Kigogo (2016) ya Pauline Kea inakwenda hatua moja mbele. Soko la Chapakazi katika jimbo la Sagamoyo ni mahali wanapochuma riziki wachongaji kama Sudi, Boza na Kombe. Ushuru unatozwa, usafi haufanywi, soko linachafuka, kisha linafungwa. Na nyuma ya kufungwa huko kuna mpango wa Majoka wa kujenga hoteli ya kifahari. Kea ametambua kwamba uchafu huweza kutengenezwa. Mtawala haachi soko lichafuke kwa uzembe tu. Uchafu ule ndio utakaokuwa hoja yake atakapolitaka kiwanja. Anayesoma tamthilia hii akiwa na historia ya Nairobi mkononi atatambua mantiki hiyo kuwa ya kale. Mnamo 1902, miaka 3 tu baada ya reli kufika, tauni ilizuka na Soko la Wahindi likateketezwa kwa moto kwa amri ya wakuu wa afya. Mnamo Mei 1990 vibanda vya Muoroto vilibomolewa. Baina ya miaka hiyo miwili jiji lilipata mpango mkuu wa 1948, uliojitangaza waziwazi kuwa ni wa mji mkuu wa kikoloni, kisha mkakati wa ukuaji wa 1973. Lugha ya nyaraka ilibadilika lakini neno usafi liliendelea kufanya kazi ileile, yaani kuamua nani ana haki ya kukaa wapi.

Kea anaifichua kazi hiyo ya neno usafi, na hili ni la kumpongeza. Asichokifanya ni kulihama neno lenyewe. Wapinzani wa Majoka wanadai soko lifunguliwe na lisafishwe, na ni haki yao. Lakini dai hilo linakubali kwamba taka ni kitu cha kuondolewa na baraza, basi. Sudi na wenzake ni mafundi wanaogeuza gogo kuwa kinyago. Soko kama lile, katika uhalisia wa Gikomba au Kamukunji, lingekuwa pia na fundi anayegeuza pipa la mafuta kuwa sanduku na debe kuwa jiko la makaa, na bati lake angelinunua kutoka kwa mtu aliyelivuta kutoka jaani. Fundi huyo hayumo Chapakazi. Kutokuwamo kwake kunaufanya ulimwengu wa tamthilia uwe na pande mbili safi, ya dhalimu na ya wadhulumiwa, ilhali uchumi wa taka una ngazi nyingi zaidi ya hizo.

Ili kuuona mkono unaochambua, hapana budi kurudi nyuma hadi Kill Me Quick (1973). Meja na Maina ni vijana waliomaliza shule na kuja mjini na vyeti vyao. Vyeti havikuwafaa, nao wakaangukia vichochoroni, ambako wanakula kutoka katika mapipa ya taka nyuma ya maduka. Wahakiki wengi wameisoma hali hii kama kilele cha udhalilishwaji, na kwa kweli ni udhalilishwaji. Lakini Mwangi anafanya jambo jingine sambamba na hilo. Anaonyesha ujuzi. Maina ni mwalimu: anajua pipa lipi lina nini, anajua hatari za kila uchochoro, na anamfundisha mwenzake. Shule iliyowapa cheti haikuwapa ramani ya mji; uchochoro uliwapa.

Nao uchochoro huo una asili inayostahili kutajwa, kwa sababu hapa ndipo usanifu wa jiji na usanii wa riwaya unapokutana. Vichochoro vya nyuma ya majengo katika sehemu za kale za Nairobi, kuanzia upande wa barabara ya River, havikutokea kwa bahati. Vilichorwa katika ramani viwe njia za usafi, ambamo vibarua wangepita kuzoa kinyesi na taka bila kuonekana upande wa mbele wenye maduka na wateja. Mchoraji wa ramani alikiri, kwa mstari mwembamba wa kalamu, kwamba mji una mwili na kwamba mwili huo una haja zake. Kisha akauficha ukiri huo nyuma ya nyumba. Kwa hiyo Meja na Maina hawakai nje ya mpango wa jiji kama inavyosemwa mara kwa mara. Wanakaa katika mstari uliochorwa makusudi kwa ajili ya taka na watu wa taka. Mwangi hahitaji kueleza haya. Anaiweka kamera yake, kwa namna ya kusema, upande wa nyuma wa jengo, na mji mzima unageuka.

Katika The Cockroach Dance (1979) mtazamo huo unapanuka na kuwa wa nyumba nzima. Dacca House ni jumba lililojengwa kwa matumizi ya watu wachache, likanunuliwa na Tumbo Kubwa na kukatwakatwa vipande vya kupangisha hadi bafu nalo likawa makazi ya familia. Dusman Gonzaga, mhusika mkuu, husoma mita za maegesho ya magari; yaani riziki yake ni kupima nafasi ambayo jiji limeitengea mashine, huku yeye mwenyewe akikosa nafasi ya kupumua. Miongoni mwa majirani zake kuna anayeishi kwa kukusanya chupa na madebe. Jina analoitwa ni la bidhaa anazozikusanya, sawa na jirani mwingine, mwuza mboga, aliyebatizwa jina la mboga yake. Kejeli ya Mwangi ni kali na haimhurumii mtu. Walakini mwokotaji huyu ni mpangaji. Ana chumba, ana kodi ya kulipa, ana ugomvi na mwenye nyumba, na suala la wapangaji kugoma kulipa kodi linamhusu kama linavyomhusu Dusman. Taka imepewa anwani. Tamthilia zilizokuja miaka 30 au zaidi baadaye hazikumpa anwani hiyo.

Si kwamba lugha ya Kiswahili ilikosa msamiati wa kulibeba jambo hili. Kinyume chake, lugha imelihifadhi vizuri kuliko fasihi. Chukua neno debe. Lilikuwa kopo la bati lililoleta mafuta ya taa kutoka ng'ambo. Mafuta yalipokwisha, kopo halikutupwa. Likachotewa maji, likapimiwa mahindi hadi likawa kipimo kinachotambuliwa nchi nzima, likakunjuliwa na kugongwa kuwa ukuta na paa, na hatimaye siasa ikalichukua: mgombea humpigia debe mwenzake, na mpiga kura huenda debeni. Koroboi ni kopo lililopewa utambi. Akala ni gurudumu lililogeuzwa kiatu. Katika maneno haya hamna uozo wala uvundo. Mna kazi na werevu. Methali isemayo mfinyanzi hulia gaeni huchukuliwa kuwa ya masikitiko, na labda ndivyo ilivyo, lakini gae hapo bado ni chombo na mtu bado anakula. Kuna na lingine, la karibu zaidi na wasomaji wa jarida la uhakiki: Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi ya anayetenganisha plastiki na karatasi jaani na kwa kazi ya anayetenganisha fani na maudhui darasani. Wote wawili huchambua. Wa pili amekuwa mwepesi wa kusahau kwamba neno hilo si lake peke yake.

Jaa lenyewe la Dandora ni matini inayodai usomaji wa makini kuliko istiara. Lilianza kutumika katikati ya miaka ya 1970, mahali palipokuwa timbo la mawe, muongo uleule ambao mradi wa viwanja na huduma wa Dandora ulianzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kuwapa watu wa kipato cha chini makazi yaliyopangwa. Mahali palipotoa mawe ya kujengea pakapokea mabaki ya waliojengewa, na jirani yake pakawekwa watu wenye kipato cha chini kabisa cha kukataa. Ilipofika 2001 jaa lilitangazwa kuwa limejaa, lakini malori hayakuacha kwenda. Mnamo 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri katika jiji hilohilo, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 walioishi au kusoma karibu na jaa: nusu yao walikuwa na kiwango cha risasi katika damu kilichofikia au kupita kile kilichohesabiwa kuwa cha hatari. Kwa hiyo usomaji unaotetewa hapa si wa kulisifia jaa. Ujuzi wa mchambuzi wa taka unalipwa kwa mapafu yake na damu ya mwanawe.

Kinachokosekana katika fasihi, kwa mintaarafu hiyo, si sifa bali ni mizani. Kifaa hiki ndicho kiungo cha mtandao mzima. Mwokotaji hupeleka gunia kwa mnunuzi mdogo mwenye mizani kando ya jaa. Mnunuzi huyo hukusanya hadi apate mzigo wa kumwuzia mwenye yadi. Mwenye yadi huuza kwa kiwanda. Kilo ni ileile njia nzima ila bei hupanda kila inapobadilisha mkono, na wa chini hana namna ya kujua bei ya juu. Agizo moja likitolewa huko juu, wa chini ndiye anayelihisi kwanza: serikali iliposimamisha biashara ya vyuma vikuukuu Januari 2022 kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na miundombinu, marufuku hayo yalidumu hadi Mei mwaka huohuo, na katika muda huo gunia la chuma likawa mzigo tu. Uhakiki wa kitabaka, ambao kwa miongo mingi umetamalaki katika idara za Kiswahili, umejikita mno katika jozi ya bwanyenye na mlalahoi kiasi kwamba mtu wa katikati mwenye mizani hana mahali pa kusimama. Naye si jitu. Aghalabu ni mlalahoi wa jana, anakaa mtaa uleule, na huwakopesha anaowapunja. Mwandishi wa tamthilia angetaka mhusika gani zaidi ya huyu?

Suala hili lisingekuwa na uzito mkubwa kama lingekuwa la wahakiki peke yao. Lakini Mstahiki Meya na Kigogo zilisomwa katika shule za upili kama vitabu vya kutahiniwa katika KCSE, na maelfu ya wanafunzi walifundishwa kuzijibia maswali. Katika kitabu cha mwongozo, taka za Cheneo ni hoja moja chini ya anwani ya uongozi mbaya, na hali ya soko la Chapakazi ni hoja nyingine. Mwanafunzi wa Dandora ambaye karo yake imetokana na gunia la plastiki anaandika kwenye karatasi ya mtihani kwamba taka ni uozo wa jamii, anapata alama yake, na anarudi nyumbani. Hakuna swali lililomtaka aseme anachokijua. Na atakapokuwa mpangaji miji au karani wa kaunti, atakuwa amejifunza mapema kutomwona mamaye katika picha.

Uamuzi kuhusu jaa hilo nao haujawa wa kinadharia. Pendekezo la kulihamishia Ruai lilipingwa na wasimamizi wa viwanja vya ndege kwa hofu ya ndege watakaovutiwa na taka karibu na njia ya ndege za abiria. Mnamo Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza hatua zichukuliwe za kulifunga. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe tangu zinapozalishwa na kaunti ziwe na vituo vya kuzipokea na kuzichambua. Yote haya yana maana njema. Ila kutenganisha taka ni kazi ambayo tayari ina wenyewe, na jiji litakaloijengea kituo kipya bila kuwajua wenyewe litakuwa limefunga soko la Chapakazi kwa mara nyingine, safari hii kwa jina la mazingira.

Katika hadithi fupi ya Said Ahmed Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba" (2016), kuna dokezo la njia nyingine. Jitu linaingia Madongoporomoka, linakula kila kitu kilichopo mkahawani, na baada yake mabuldoza yanafuata kubomoa. Jina la Tumbo Kubwa wa Meja Mwangi linarejea hapa, likiwa limenenepa kutoka jumba moja hadi mtaa mzima. Wahakiki wamelishughulikia sana jitu hilo, tafsida zake na ulafi wake. Wamemshughulikia pia Mzee Mago na msimamo wake wa kutohama. Lakini wanamadongoporomoka wanarudi na kusimamisha vibanda vyao upya pale palipobomolewa, na hapo swali la kuuliza ni la kifundi: vibanda hivyo vinajengwa kwa nini? Hawana benki wala duka la vifaa. Wanacho kifusi. Bati lililopinda linanyooshwa, msumari unang'olewa na kugongwa upya, ubao uliopasuka unapata upande wake mzima. Katika hadithi yenyewe tendo hilo linapita upesi, na pengine ndiyo maana darasani halikai.